Kabla ya kutupa vya mama, kachukue tranka lako

Desemba ni mwezi mbaya kwa stoo za wazazi. Watoto wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata ng'ambo, na siku ya pili au ya tatu, salamu zikishaisha na mbuzi akishaliwa, mmoja wao hufungua mlango wa stoo akitafuta ngazi. Anakutana na madumu yasiyo na vifuniko, viti vya plastiki vilivyovunjika mguu, feni isiyo na mapanga, ndoo tupu za rangi zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, na furushi la mifuko ya rambo iliyokunjwa pembetatu na kufichwa ndani ya rambo kubwa zaidi, ingawa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. "Hivi mama, makorokoro yote haya ya nini?" Jibu ni lile lile la miaka yote: "Yatafaa." Watoto wanatazamana. Jioni hiyo hiyo, kwenye kundi la WhatsApp ambalo mama hayumo, mpango unasukwa: Jumapili akienda ibadani, kirikuu cha kubebea mizigo kitaingia uani, na akirudi ataikuta stoo imepigwa deki, inanukia dawa ya sakafu. Atashtuka kidogo, wanaambiana, kisha atashukuru.

Makala haya yanakipinga kirikuu hicho. Sisemi kila kopo libaki lilipo mpaka kiama. Ninachosema ni kwamba vitu vilivyorundikana nyumbani kwa mzazi ni mali yenye mwenyewe, tena mwenyewe aliye hai na mwenye akili zake, na kwamba rundo hilo watoto wamelichangia kuliko wanavyopenda kukiri. Kwa hiyo mwenye haki ya kuamua ni yeye, na wenye wajibu wa kuanza kuondoa ni sisi. Vitu vya hatari vina hukumu yake, nitavifikia.

Tuanze na hilo neno "yatafaa", maana wengi hulisikia kama ukaidi wa uzee. Mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1983 alizaliwa 1958, na sasa anaikaribia 70 kama hajaifikisha. Alianza maisha ya ndoa nchi ikiwa imetoka tu vitani Uganda, bei ya mafuta imepanda, fedha za kigeni hakuna na viwanda vinasimama kwa kukosa vipuri. Sukari, sabuni, betri za tochi, hata doti ya khanga, vilipatikana kwa foleni, kwa kibali au kwa kujuana. Mche wa sabuni ulikatwa vipande na kila kipande kikapangiwa siku yake. Mwaka huo wa 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na watu wakaogopa hata kuonekana na bidhaa nyingi ndani. Masharti ya biashara yakaanza kulegezwa 1984, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwishoni mwa 1985, ruksa ikatangazwa na maduka yakajaa. Lakini funzo la foleni halifutwi na duka kujaa. Aliyejua kwamba kitu kikiisha leo hakuna ajuaye kitarudi lini, hatupi chupa kwa sababu tu mwanawe amemwambia zinauzwa kila kona. Wakenya wana lao la namna hiyo: ukame wa 1984 ulioleta mahindi ya manjano kutoka nje, ambayo wazee wao bado wanayataja kwa kukunja uso.

Chukua kopo moja tu ulifungue mezani. Ni kopo la Blue Band, rangi imeshachubuka ubavuni. Ndani kuna misumari iliyong'olewa kwenye mbao chakavu ikanyooshwa kwa nyundo, washa za bomba, vifungo vya mashati ambayo hayapo tena, sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kitambaa ili isipotee, funguo tatu zisizojulikana ni za kufuli gani, na senti hamsini ya zamani yenye picha ya sungura. Mgeni ataona takataka. Mwenye nyumba anaona duka la vifaa lililo wazi saa tatu usiku, bomba linapoanza kuvuja na fundi hapokei simu. (Funguo siwezi kuzitetea.) Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kimesomwa dunia nzima, anafundisha ushike kila kitu na kujiuliza kama kinakupa furaha. Washa ya bomba haimpi mtu furaha. Ndoo yenye ufa haimpi mtu furaha, inapandwa mchicha. Swali la Kondo linamfaa mtu ambaye akikosea leo, kesho atanunua kingine bila kuhisi. Anayeishi kwa pensheni, au kwa kutumiwa elfu ishirini kwenye simu mwisho wa mwezi, lazima aulize swali jingine, na swali hilo ndilo lililojaza stoo.

Hata hivyo nisiwatetee wazazi kupita kiasi. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kuhifadhi betri. Betri huvuja, dawa hupitwa na muda, mpira wa pampu hukakamaa, unga huingia wadudu. Hata fedha huoza. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa miezi mitatu, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kwa wenye noti za matoleo ya zamani kuzibadilisha, na baada ya hapo noti hizo zikawa karatasi. Kenya ilifanya hivyo hivyo kwa noti ya shilingi 1,000 mwaka 2019. Ilipofika 30 Septemba, noti zipatazo milioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Zipo zilizokuwa za wizi, mwenye nazo asithubutu kujitokeza benki. Lakini sitashangaa kama nyingine zililala tu ndani ya mto, katikati ya Kurani au Biblia, au kwenye mfuko wa koti la marehemu. Mfano huu unakata pande mbili. Unamwambia mama kwamba kuweka peke yake si kuhifadhi. Unamwambia pia mtoto mwenye kirikuu kwamba hajui anachobeba, kwa sababu anayejua godoro lipi lina nini yuko ibadani.

Sasa tufanye hesabu ambayo hakuna anayependa kuifanya. Toa stooni kila kitu ambacho si cha mzazi. Litatoka tranka la bweni, bluu au kijani, lenye jina la mwanafunzi kwa rangi nyeupe na kufuli lililoshika kutu. Yatatoka madaftari ya kidato cha pili, na vitabu vya chuo ambavyo mwenyewe alisema atavifuata. Itatoka televisheni ya chogo iliyoletwa kwa basi siku mtoto aliponunua bapa. Hiyo, tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012 na mikoa ikafuata, bila king'amuzi haioneshi kitu. Litatoka friji bovu lililokuja na maneno matamu kwamba mama atalitumia kama kabati. Vitatoka kitanda cha mtoto ambaye sasa anaota ndevu, spika za enzi za kaseti, kochi lililokataa kupita kwenye mlango wa chumba cha kupanga, na zawadi za harusi zilizobaki kwenye maboksi yake. Katika nyumba nyingi, ukishamaliza kutoa hivyo, stoo itakuwa imebaki nusu tupu.

Sababu yake haina siri. Kijana anayelipia vyumba viwili Sinza au Mbagala hana pa kuweka kitu kisichotumika leo. Kila hatua ya sakafu anailipia kodi, pengine ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa mama hakuna kodi. Basi kila ndoa, kila kuhama, kila kupandishwa cheo kunapeleka mzigo nyumbani, na mzigo unapokelewa kwa mikono miwili kwa sababu umeletwa na mtoto. Mama hawezi kuutupa, si wake. Hawezi kuuza, utaulizwa. Anaufunika kwa turubai, anaufagilia vumbi, anaukinga na mchwa, miaka kumi na mitano. Kisha wale wale waliouleta wanakuja Krismasi na kuuliza ya nini.

Nakuja kwenye haki ya kuamua. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio ambalo sasa linafundishwa kila mahali: baadhi ya wanafunzi wa chuo walipewa kikombe kila mmoja, kisha wakaulizwa watakiuza kwa bei gani, wenzao ambao hawakupewa wakaulizwa watakinunua kwa kiasi gani. Bei ya kati ya wauzaji ilikuwa dola 7 na ushee, ya wanunuzi haikufika dola 3. Hao ni vijana wa chuo, na kikombe walikuwa nacho kwa dakika chache tu. Basi tusimcheke mwanamke aliyekaa na kabati lake la vyombo kwa miaka arobaini akaona kila sahani ina thamani kuliko ile tunayoiona sisi. Tena katika nyumba nyingi kiwanja kiko kwa jina la baba na shamba ni la ukoo, na vitu vya ndani ndivyo pekee ambavyo mama anaweza kusema "hivi ni vyangu" bila mtu kukohoa. Doti za khanga zilizolala sandukuni bila kukatwa zilikuwa benki yake kabla benki hazijamjua. Alizitoa kwenye harusi na misiba, na kwa hizo alishika nafasi yake katika mtaa.

Na kuna jambo la madaraka. Mzazi akizeeka, mambo yanahama mikononi mwake moja baada ya jingine: watoto ndio wanaochagua hospitali, wanaoamua ale chumvi au asile, wanaomleta binti wa kazi ambaye hakumchagua, wanaoshika simu ya benki. Stoo ndiyo wizara ya mwisho aliyobaki nayo. Anayeingia humo na kirikuu bila kuuliza anafanya mapinduzi, hata akiyaita usafi. Kesho yake mama anatafuta kigoda cha marehemu mumewe, hakioni, na anajifunza kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe vitu vinaweza kuondoka akiwa ameinamisha kichwa kusali. Atakachofanya baada ya hapo kinajulikana: atakusanya zaidi, na atafunga kwa kufuli.

Mapingamizi yapo, na la kwanza ni zito: afya. Kopo lililokinga maji ya mvua, tairi lililoegemezwa ukutani, vifuu vya nazi nyuma ya jiko, hayo ndiyo mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi na kuanguliwa maji yakirudi. Ndugu wa dengue, chikungunya, jina lake limetoka katika Kimakonde, likimweleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Ongeza nyoka kwenye kuni zilizorundikwa, nyaya zilizochubuka, mafuta ya taa karibu na jiko, na maboksi yanayoziba njia ya chooni usiku kwa mtu ambaye akivunjika nyonga huenda asitembee tena. Kwa hayo sibishani: hatari haisubiri ridhaa. Mwaga maji, toboa kopo, hamisha tairi, safisha njia, toa dawa zilizopitwa na muda, na mwambie ulichofanya. Lakini angalia ukubwa wa orodha hiyo. Ni kazi ya asubuhi moja, na haigusi kabati la vyombo, wala khanga, wala kopo la Blue Band lenye mfuniko uliobana vizuri.

Wengine watasema kukusanya ni maradhi. Kweli, yapo maradhi ya namna hiyo. Mwongozo wa uchunguzi wa matabibu wa akili wa Marekani uliyatambua kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayo pia. Dalili zake ni mtu kushindwa kuachana na vitu hata visivyo na thamani yoyote, kuumia rohoni akilazimishwa, na nyumba kufikia mahali ambapo kitanda hakilaliki na jiko halipikiki. Stoo iliyojaa katika nyumba ambayo sebule inakalika na wageni wanapikiwa haijafika huko. Na hata pale ugonjwa ulipo, watafiti walioushughulikia kwa muda mrefu, kama Randy Frost na Gail Steketee, wanaonya dhidi ya kumsafishia mgonjwa kwa nguvu: rundo hurudi, na imani hairudi. Kwa hiyo hoja ya maradhi, badala ya kukiruhusu kirikuu, inakifungia geti.

Pingamizi la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini: akifariki, mzigo wote utatuangukia sisi. Hapo nakubaliana kabisa, na ndiyo sababu kazi ifanyike akiwa hai. Baada ya msiba kuna kikao cha ukoo, muhtasari unapelekwa mahakamani, anateuliwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi anatakiwa aorodheshe mali. Ghafla yale makaratasi yaliyoonekana uchafu yanatafutwa kwa tochi: hati ya kiwanja, barua ya ajira, risiti ya kodi ya ardhi, cheti cha ndoa, kitabu cha benki ambayo imeshabadilisha jina. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, walidai haki zao kwa miongo, na katika madai ya namna hiyo shahidi ni karatasi. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipokuta watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, wenye vyeti halali nao walihangaika kupekua masanduku ya nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe mara nyingi liko chini ya yale magazeti yaliyofungwa kamba. Nani atakwambia liko fungu gani?

Wapo wanaoogopa kulianzisha jambo hili wasije wakaonekana wanamchuria mzazi. Uchuro huo unategemea unavyouliza. Ukisema "mama, tupange vitu kabla hujaondoka", umechuria kweli. Ukisema "mama, nitafutie cheti changu cha ubatizo", sanduku litafunguliwa, na kwa saa mbili utasikia kila karatasi ilitoka wapi. Wasweden wana neno lao kwa usafi wa namna hii, döstädning, na Margareta Magnusson aliandika kitabu juu yake mwaka 2017; kwake anayepanga ni mwenye vitu mwenyewe, kwa mwendo wake. Hilo tunaweza kulichukua bila kuchukua jina.

Watanijibu kwamba mama akiulizwa hukataa. Hukataa kwa sababu tunauliza "tutupe?" Mtu aliyenyoosha misumari kwa nyundo hawezi kuitikia neno hilo, na sioni kwa nini aitikie. Ukiuliza "tumpe nani?" mazungumzo yanabadilika: jirani ana mahafali anahitaji viti, mke wa mpwa kajifungua anataka beseni, fundi redio wa sokoni atazitoa zile spika vipuri. Chuma chakavu kinunuliwe hapo hapo mlangoni, mwenye mkokoteni apime kwa mizani yake, na fedha ziingie mkononi mwa mama, hata zikiwa shilingi elfu tatu. Kutupa nako si kuondoa, ni kuhamisha. Televisheni ya chogo ina madini ya risasi kwenye kioo chake. Ikitoka stooni kwa mama inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi au kwenye korongo la kijiji, ambako mtoto wa mtu ataivunja kwa jiwe apate waya wa shaba. Ni kweli kwamba njia hii ni ya polepole. Itachukua likizo tatu badala ya Jumapili moja, na vitu fulani havitaondoka kamwe. Viti vitatu vilivyovunjika mguu vinaweza kubaki hapo mpaka mwisho wa maisha ya mwenye navyo, na dunia haitasimama.

Kwa hiyo ukifika nyumbani mwaka huu, kirikuu kiache stendi. Mwaga maji kwenye makopo, kisha nenda ukutani pale nyuma ya turubai, lilipo tranka. Hilo halihitaji kikao wala ridhaa ya mtu: lina jina lako.